Chama kinapofunga mlango wake

HAPA Nairobi tuna chama chetu cha watu wa nyumbani, kile cha kusaidiana katika magonjwa na matanga, na ndani ya chama hicho yuko mama mmoja ambaye sote humwita Sista. Alikuwa muuguzi katika hospitali za serikali kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu. Sidhani kuna mzazi kati yetu ambaye hajawahi kumpigia simu usiku wa manane mtoto akiwaka homa. Kwa miaka 11 sasa, yeye ndiye anayeandika daftari la michango. Fedha zikiingia kwa simu, yeye huzihesabu. Mwanachama akilazwa, yeye hujua bili ni kiasi gani na kama imetiwa chumvi. Mtu akifariki, yeye hujua ni nani wa kuonwa ili maiti itolewe mapema, gari lianze safari kabla ya jua kuwa kali. Siku ya mkutano mkuu inapowadia, humkabidhi mweka hazina lile daftari. Mweka hazina wetu ni mwanamume mwenye sauti nzito na miwani ya kusomea. Husimama, akakohoa kidogo, akalisoma. Nasi humpigia makofi.

Mwezi uliopita Sista aliinua mkono. Aliuliza kwa upole kabisa: "Wazee wangu, ikiwa mimi ndiye ninayeandika, kwa nini nisisome mwenyewe?"

Msomaji, ungedhani mzinga wa nyuki umepigwa jiwe. Mzee mmoja alitukumbusha kwamba katiba yetu inasema viongozi watakuwa "wenye miji", na kwamba mwenye mji ni mwanamume. Mwingine akadai eti mwanamke aliyeolewa ana kwao pawili, alikozaliwa na alikoolewa, hivyo hawezi kuaminiwa na fedha za upande mmoja. Kijana mmoja alijaribu kusema neno, akaambiwa aketi, ndevu hazijamwota. Mwishowe mwenyekiti aliamua kwamba suala hilo litazungumzwa mkutano ujao chini ya "mengineyo", yaani mahali ambapo kila jambo tusilolitaka hupelekwa likafe.

Mimi ndimi katibu wa chama hicho. Naona haya kukiri, lakini siku hiyo niliinamisha kichwa nikajifanya naandika kumbukumbu za mkutano.

Huenda ningelisahau jambo hili kama si mpwa wangu, ambaye ni daktari huko Uingereza, kuja likizo. Nilimsimulia kisa chenyewe tukinywa chai, nikitarajia acheke ushamba wetu. Hakucheka. "Mjomba," akaniambia, "hata chama chetu sisi madaktari kimeyapitia hayo. Kilichukua miaka mia nne na ushei kumpa mwanamke wa kwanza haki kamili ndani yake." Nilidhani anatia chuku, maana vijana wakikaa ng'ambo hupenda kutia chuku. Nikaenda kujisomea mwenyewe, na yale niliyoyasoma yamenikosesha usingizi kuliko hata swali la Sista.

Chama anachokisema kinaitwa Chuo cha Kifalme cha Madaktari, nacho kiko London. Neno chuo lisikupoteze. Hakina mabweni wala kengele ya kuamsha wanafunzi. Ni chama cha madaktari wanaotibu magonjwa ya ndani ya mwili: moyo, mapafu, figo, ini na kadhalika. Wale wa kupasua wana chama chao mbali. Daktari hufanya mtihani, ambao ulimtoa mpwa wangu jasho jembamba, kisha hulipa ada kila mwaka. Chama nacho hutoa miongozo ya matibabu, husimamia mafunzo na huisemesha serikali kuhusu afya ya umma. Kisheria ni shirika la hisani, halina mwenye hisa na hakuna anayegawiwa faida Desemba ikifika. Wanachama wake ni zaidi ya 40,000, na wametapakaa duniani.

Sasa sikiliza kilivyoanza. Mwaka wa 1518 Mfalme Henry wa Nane, yule wa wake sita, alitoa hati ya kukianzisha kwa ombi la Thomas Linacre, daktari na msomi mkubwa wa siku hizo. Hati hiyo iliwataja madaktari 6 tu. Mmoja wao, Fernando de Victoria, alikuwa Mhispania. Mikutano ya kwanza ilifanyika nyumbani kwa Linacre mwenyewe, kama vile vyama vyetu vinavyoanzia sebuleni kwa mtu. Nia ilikuwa njema. London ilijaa walaghai waliouza dawa zisizotibu, na Chuo kilipewa mamlaka ya kuamua ni nani atibu ndani ya mji na umbali wa maili 7 kuuzunguka. Aliyekaidi aliweza kutozwa faini, hata kutiwa ndani.

Basi chama hicho cha watu 6, mmoja wao mgeni, kilipoota meno kilifanya nini? Kilijigawa tabaka mbili. Juu walikuwa washirika kamili, ambao ndio waliopiga kura, wakashika vyeo na kutunga sheria. Hao, kwa muda mrefu, walipaswa kuwa wamehitimu Oxford au Cambridge. Chini walikuwa wenye leseni. Wenye leseni walifanyiwa mtihani, wakalipa, wakatii sheria za Chuo, lakini sauti hawakuwa nayo. Na kupata digrii ya Oxford au Cambridge siku hizo hakukutegemea akili tu. Ilibidi uwe muumini wa Kanisa la Uingereza. Mkatoliki, Myahudi au Mkristo wa madhehebu mengine hakuwa na lake huko.

Ajabu ni kwamba katika karne ya 18 elimu bora ya udaktari ilikuwa Edinburgh, kule Scotland. Mtazame John Fothergill. Alikuwa wa madhehebu ya Kweka, alisomea Edinburgh, na mwaka wa 1748 alichapisha maelezo ya ugonjwa hatari wa koo uliokuwa ukiua watoto, maelezo yaliyosomwa na madaktari kote nchini. Wagonjwa walipanga foleni mlangoni pake. Lakini ndani ya Chuo alibaki mwenye leseni tu. Waliokuwa wamesoma kidogo kuliko yeye walipiga kura, naye akangoja nje aelezwe walivyoamua.

Hapo ndipo nilipoiweka chini kalamu nikamfikiria Sista.

Hao wenye leseni hawakunyamaza. Mwaka wa 1767 walianzisha umoja wao, na mwaka huo huo walikwenda kwa kishindo hadi jengo la Chuo katika mtaa wa Warwick Lane, wakakuta lango limefungwa. Wakamwita mhunzi wa vyuma ili alivunje! Hebu jaribu kuiona picha hiyo: madaktari waheshimiwa wa London, na wigi zao vichwani, wamesimama barabarani pamoja na mhunzi mwenye nyundo, wakidai kuingia katika mkutano wa chama wanachokilipia. Mji mzima ulicheka. Mwaka uliofuata mwigizaji Samuel Foote alikitia kisa hicho katika mchezo wa jukwaani, akajivika kama Sir William Browne, aliyekuwa rais wa Chuo wakati wa vurumai ile. Inasemekana Browne hakukasirika. Alimwandikia Foote kumsifu kwa kumwigiza vyema, ila akamwambia amesahau kitu kimoja, ule mfuko wa manyoya ambao Browne alipenda kutilia mikono wakati wa baridi. Akampelekea wa kwake. Nakiri nilimpenda mzee huyo kwa ucheshi wake. Hata hivyo mlango haukufunguka. Kanuni ile ya Oxford na Cambridge iliendelea hadi miaka ya 1830.

Najua kuna msomaji anayesema moyoni: "Lakini bwana, udaktari si mchezo wa bao. Chama kikimkaribisha kila mtu, si tutachomwa sindano na makanga wa matatu?" Ni hoja ya haki, na nisingependa kuipuuza. Chama cha wataalamu lazima kiwe na kizingiti. Mimi mwenyewe nikilazwa nataka daktari aliyefaulu mtihani, tena mgumu. Lakini kizingiti cha ujuzi ni kitu kimoja, na kizingiti cha ukoo, dini au jinsia ni kitu kingine kabisa, japo aghalabu hicho cha pili huvaa kanzu ya hicho cha kwanza. Fothergill alikuwa ameshaupita mtihani. Alikataliwa baada ya kufaulu. Ukiona chama kinasema kinalinda heshima ya kazi, ilhali kinamkataa anayeiweza kazi yenyewe, ujue kinacholindwa ni viti.

Kwa wanawake mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwaka wa 1876 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuviruhusu vyama vyenye mamlaka ya leseni kuwapa wanawake leseni. Angalia neno hilo: kuviruhusu. Havikulazimishwa. Chuo hiki kilikaa miaka 33 kabla ya kufungua mlango nusu. Mwaka wa 1909 Ivy Woodward alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama wake. Lakini ngazi ile ya juu, ya ushirika kamili, haikupata mwanamke hadi 1934, miaka mingine 25. Naye aliyeipata anastahili kujulikana na kila mama anayesoma ukurasa huu.

Aliitwa Helen Mackay, daktari wa watoto. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikwenda Vienna, mji mkuu wa Austria, uliokuwa umechakazwa na njaa, akafanya kazi katika kundi la mtaalamu mwingine mwanamke, Harriette Chick. Watoto wa Vienna walikuwa na ugonjwa wa mifupa laini, ule wa miguu kupinda kama upinde. Kundi hilo lilithibitisha kwamba mafuta ya samaki na mwanga wa jua huzuia na kuponya ugonjwa huo. Leo muuguzi wa kliniki akikuambia umwanike mtoto kwenye jua la asubuhi, kumbuka kuna watu waliokesha ili neno hilo lijulikane.

Aliporudi London, Mackay alifanya kazi katika hospitali ya watoto upande wa mashariki wa mji, walikoishi maskini. Huko aliona vichanga wengi wamepauka, wanyonge, wakishikwa na kifua na kuhara mara kwa mara. Madaktari wengi waliichukulia hali hiyo kuwa jambo la kawaida kwa mtoto wa maskini. Mackay hakuichukulia hivyo. Aliwapima damu, akawapa baadhi yao maziwa yaliyotiwa madini ya chuma, akalinganisha. Waliopata chuma walipata damu, na maradhi yakawapungukia. Alichapisha matokeo hayo mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwaka wa 1931. Mama mjamzito wa Kenya anapopewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, au anaposhauriwa kumpa mtoto wa miezi 6 chakula chenye madini hayo, anatembea katika njia ambayo Mackay alisaidia kuifyeka.

Sasa jiulize. Kwa karne nne na zaidi, Chuo kilichokuwa na kazi ya kujua magonjwa kiliongozwa na wanaume watupu. Je, katika miaka yote hiyo, ni akina Mackay wangapi waliopita nje ya lango lile wakarudi nyumbani? Hasara hiyo haiandikwi katika daftari lolote. Hata mweka hazina wetu mwenye sauti nzito hawezi kuisoma.

Usidhani, hata hivyo, kwamba mtu akishaingia ndani basi amefika mezani. Kuna mlango wa chama na kuna mlango wa ofisi. Tangu Mackay apokewe mwaka 1934 hadi mwanamke wa kwanza awe rais wa Chuo ilipita miaka 55. Huyo alikuwa Margaret Turner-Warwick, bingwa wa magonjwa ya mapafu, aliyechaguliwa 1989. Kwa karne nyingi uchaguzi huo ulifanywa siku inayofuata Jumapili ya Matawi, washirika wakikutana kuamua nani awaongoze. Najaribu kuhesabu ni Jumapili za Matawi ngapi zilizopita bila ya jina la mwanamke kushinda, nachoka.

Aliyemtangulia naye anatuhusu sisi Waafrika. Raymond Hoffenberg alizaliwa Port Elizabeth, Afrika Kusini, mwaka wa 1923. Alikuwa daktari na mwalimu wa udaktari Cape Town, na kwa sababu alisimamia mfuko wa kuwasaidia waliofungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi pamoja na familia zao, serikali ya makaburu ilimpiga marufuku mwaka wa 1967. Mwaka uliofuata alihama nchi yake, akaenda Uingereza akiwa mkimbizi kwa jina lolote utakalompa. Mwaka wa 1983 mkimbizi huyo alichaguliwa rais wa Chuo kile kile kilichowahi kumkataa Fothergill kwa sababu ya digrii na dini. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwezi wa Desemba 1987, Hoffenberg na marais wa vyama vya madaktari wapasuaji na wa uzazi walitoa taarifa ya pamoja kuionya serikali ya Margaret Thatcher kwamba hospitali za umma ziko taabani. Serikali ililazimika kuanzisha uchunguzi wa mfumo mzima wa afya. Labda mtu aliyewahi kunyamazishwa kwao huijua thamani ya sauti kuliko sisi tuliozoea kuinamisha vichwa.

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu, lakini ningekuwa nakudanganya. Mpwa wangu alinikanya hasa juu ya hili. "Mjomba, usiandike kwamba walimchagua mwanamke na mambo yote yakanyooka."

Mnamo Machi 2024 washirika wa Chuo walidai mkutano mkuu maalumu. Kisa chenyewe kilihusu wasaidizi wa madaktari, watu wenye digrii nyingine ambao husomeshwa kwa miaka 2 kisha hufanya kazi hospitalini pamoja na madaktari. (Usiwachanganye na maafisa wetu wa kliniki, ambao wamekuwepo nchini miaka mingi na wana baraza lao.) Wanachama wengi, hasa madaktari vijana walio bado mafunzoni, walihofia kwamba mpango huo unakwenda mbio kuliko usalama wa wagonjwa, na kwamba nafasi zao za kujifunza zinamezwa. Waliona viongozi hawawasikilizi. Mkutanoni, wakalalamika kwamba takwimu za maoni yao wenyewe zilionyeshwa nusu nusu. Ghadhabu haikutulia. Juni mwaka huo huo rais wa Chuo, ambaye alikuwa mwanamke wa nne kushika wadhifa huo, alitangaza kujiuzulu. Taasisi ya King's Fund ilialikwa kuchunguza kilichotendeka, ikatoa ripoti yake Septemba 2024.

Nimelitafakari tukio hilo sana, maana linaniondolea jibu rahisi. Kubadilisha sura ya anayekaa kitini ni jambo la haki, na limechelewa kila mahali. Lakini mwanachama wa kawaida, yule anayelipa ada na kukesha wodini, hawakilishwi na sura. Anawakilishwa anapoulizwa, anapojibu, na jibu lake linaposomwa lote bila kukatwa. Wale madaktari vijana wa 2024 na wale wenye leseni wa 1767 wangeelewana bila mkalimani, ingawa safari hii hapakuwa na haja ya mhunzi. Sheria za Chuo zenyewe ziliwapa washirika ufunguo wa kuitisha mkutano, wakautumia. Hayo ni maendeleo, tena makubwa, tusiyadharau.

Mwezi wa Aprili 2025 Chuo kilimchagua Mumtaz Patel kuwa rais wa 123, baada ya kukishika kwa muda tangu misukosuko ile. Ni daktari wa figo kutoka Manchester, Mwislamu, na wazazi wake walihamia Uingereza kutoka India. Kama angalizaliwa miaka 200 nyuma, kila kitu alicho nacho kingalimfungia lango: jinsia yake, dini yake na asili yake. Kama ataweza kuwasikiliza wote 40,000 ni jambo jingine, na wanachama wake ndio watakaomhukumu.

Na tusidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Chama cha Madaktari Kenya kimekuwepo tangu 1968. Mmoja wa waliowahi kukiongoza, Dkt Jacqueline Kitulu, alichaguliwa huko Helsinki mwaka wa 2024 kuwa rais mteule wa Chama cha Madaktari Duniani. Siku niliposoma habari hiyo nilimwambia binti yangu, anayetaka kusomea udaktari, na akaniuliza jambo moja tu: "Baba, huyo angeruhusiwa kuwa mweka hazina wa chama chenu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aende akaoshe vyombo, kisha nikaona aibu, nikaenda kuviosha mimi.

Juzi nilimtembelea Sista nyumbani kwake. Nilitaka kumwomba radhi kwa kunyamaza kwangu, na tena, nitasema kweli, nilitaka kujua kama amekasirika kiasi cha kutuachia daftari. Bila yeye chama chetu kingekwama ndani ya wiki mbili. Nilimkuta amevaa miwani yake, simu mkononi, anahakiki mchango wa mtu aliyedai ametuma ilhali hajatuma. Nilimweleza habari za Fothergill na mhunzi. Alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akaniambia kwamba cheo hakimshughulishi. Kinachomshughulisha ni kwamba mwaka jana mweka hazina alipokuwa akisoma alizipita tarakimu mbili asizozielewa, na hakuna aliyemuuliza kwa sababu sote tulijua si mwandiko wake. Mwanachama mmoja, mjane, alikosa msaada wa hospitali kwa miezi miwili kwa sababu ya mistari hiyo miwili iliyorukwa. "Mimi nilikuwa nimekaa pale nyuma," akasema, "naijua hesabu yenyewe, na sina ruhusa ya kusimama."

Nilikunywa chai yangu ikaisha bila kutia neno.

Akaniuliza pia juu ya vijana. Anasema watoto wetu waliomaliza chuo hawaji tena mkutanoni, wala wake zao. Wameanzisha kikundi chao kwenye simu, wanachangiana huko huko. Nilikuwa sijui. Mwenyekiti wetu husema kila mara kwamba vijana wa siku hizi hawapendi umoja, na mimi nimekuwa nikiyaandika maneno hayo katika kumbukumbu, mwaka baada ya mwaka, kana kwamba ni kweli. Tulikuwa 94 tulipokuwa wengi kabisa. Mkutano uliopita tulikuwa 41, na kati yetu nilihesabu wenye nywele nyeusi 6.

Jana usiku niliketi kuandika ajenda ya mkutano ujao, kwa maana hiyo ndiyo mamlaka pekee niliyo nayo kama katibu. Sala. Kumbukumbu za mkutano uliopita. Halafu nikaandika: "Kurekebisha kifungu cha viongozi, ili mwanachama yeyote aliyelipa michango yake aweze kuchagua na kuchaguliwa." Nimekiweka mbele ya taarifa ya fedha, na pale kwenye "mengineyo" sikuandika kitu. Nakala nimewapelekea wote, wakiwemo wale vijana wa kwenye simu, ambao bado majina yao yamo katika sajili na ada yao ya mwaka huu, kwa mujibu wa daftari la Sista, imelipwa.

Tangu alfajiri mwenyekiti amenipigia simu mara tatu. Nitampigia nikishamaliza kuandika ukurasa huu.